Ushuhuda wa mgonjwa usiishie kwenye namba ya simu

Tumezoea kuona picha ya mgonjwa kitandani, maelezo mafupi ya mateso yake, na mwisho namba ya simu ya kutuma mchango. Hapa Mpanda, kama kwingineko, watu huguswa, hutoa walichonacho, kisha habari hupita. Ukarimu huo tunauheshimu. Lakini kisukari, selimundu na shinikizo la damu haviishi kwa mchango mmoja. Mwezi ujao mgonjwa atahitaji dawa zilezile, na jirani yake mwenye ugonjwa huohuo hakutajwa kabisa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunaona kwamba habari ya mgonjwa inapaswa kuuliza juu ya huduma, si kuomba tu. Anayetumia insulini kule Karema au Inyonga anahitaji sindano kila siku, kipimo cha sukari na mahali pa baridi pa kuhifadhia dawa. Akipewa rufaa ya kwenda Mbeya au Mwanza, kuna nauli na malazi. Mambo hayo yakisemwa waziwazi na mwenye kuyaishi, diwani, mbunge na mganga mkuu wa wilaya watakuwa na swali la kujibu. Na kwa kuwa tayari tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, sauti za wagonjwa hawa zinahitajika sasa.

Nguvu ya ushuhuda inajulikana. Mwaka 1989 mwanamuziki wa Uganda, Philly Lutaaya, alitangaza hadharani kuwa ana virusi vya UKIMWI, wakati ugonjwa huo ukitajwa kwa kunong'ona. Alizunguka shuleni na makanisani akieleza, hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo. Wengi walipata ujasiri kupitia kwake.

Lakini Lutaaya alikuwa mtu mzima na aliamua mwenyewe. Katika sura ya 5 ya Injili ya Marko, mwanamke aliyeugua miaka 12 na kumaliza mali yake kwa waganga anajitokeza mbele ya umati na kueleza ukweli wote kwa kinywa chake. Katika sura hiyohiyo, binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12, anainuliwa chumbani, na Yesu anaagiza habari hiyo isitangazwe. Mtoto hakugeuzwa kuwa habari ya mjini. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti.

Basi kabla ya kuwasha kamera wodini, mgonjwa aelezwe habari yake itakwenda wapi, na ajue kwamba akikataa atatibiwa vilevile. Akikubali, aseme mwenyewe. Akitaka jina na sura visionekane, sauti yake inatosha. Watoto tuwaache wakue bila picha zao za kitandani kuwafuata mitandaoni. Na chini ya kila habari, pamoja na namba ya mchango, tuandike swali moja: dawa hii inakosekana kwa nini, na nani atajibu?