MOSHI WA KESHO
Visiwani tumezoea kudhani kwamba upepo wa bahari hufagia kila uchafu wa hewa. Hufagia, ila si nyakati za tanga mbili, wala si ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe. Umeme ulipokatika Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, majenereta yalinguruma milangoni mwa watu.

Leo kompyuta yaweza kubashiri moshi wa kesho: huigawa hewa ya mji katika visanduku, ikakokotoa moshi unaoingia katika kila kimoja na unaopeperushwa. Lakini kompyuta haina pua. Isipopewa idadi ya magari, majenereta, majiko ya mkaa na majaa yanayochomwa moto, pamoja na vipimo vya kuihakiki, itabashiri upuuzi. Twaiomba Serikali ianze na hesabu hiyo kabla ya kununua mitambo.