Maneno 30 kwa Usiku Mmoja



Majuzi nilimkuta binti yangu mdogo ameinamia daftari, machozi yakimdondoka. Kesho yake alikuwa na mtihani wa Kiarabu, na tangu alasiri alikuwa akiyasoma maneno 30 mapya. Nilipolifunika daftari na kumuuliza, alikumbuka saba tu. Nilikaribia kumkemea, kisha nikakumbuka kuwa ni mimi niliyemwambia: "Soma tena na tena, yataingia."

Kosa lilikuwa langu. Kulitazama neno si kulihifadhi. Jicho hulizoea, nafsi ikadhani imelijua, kumbe linalojua ni daftari. Neno huthibiti pale mtoto anapolitafuta moyoni mwake, daftari likiwa limefungwa.

Usiku ule tuliyaacha maneno 20, tukashika 10. Kwanza, tuliyarejesha kwenye asili yake. "Kataba" ni kuandika. Basi kitabu, katibu na maktaba, yaliyomo vinywani mwetu kila siku, ni watoto wa mama mmoja. "Darasa" ni kusoma. Humo mna madrasa, na huku kudurusu kwetu. Pili, kila neno alilitungia sentensi ya mambo ya nyumbani. Tatu, tulikata vikaratasi: Kiarabu upande mmoja, Kiswahili upande wa pili. Alijiuliza kabla ya kugeuza. Alilokosa lilirudi funguni. Alilopata liliwekwa kando hadi baada ya Alfajiri, akaulizwa tena.

Karatasi ya mtihani iliporudi, yale 10 alikuwa ameyapata yote. Mengi katika yale 20 yalimpita, na lawama hiyo niliibeba mimi.

Sisi watu wa madrasa hatuna udhuru. Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kwamba Qur'ani isipodurusiwa humponyoka mtu upesi kuliko ngamia anayejinasua kambani. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya Qur'ani, sembuse orodha ya maneno?

Kwa hiyo, wazazi wenzangu, tusingoje usiku wa mtihani. Maneno matano kila siku baada ya Maghribi, kwa dakika 10 tu, katika siku sita ni 30. Ya leo yaulizwe tena kesho, kisha siku ya tatu, kisha baada ya wiki. Na anayeuliza awe mpole, kwani mtoto aliyejaa hofu husahau hata analolijua.

Wabillahi tawfiq.