Paka Amebadilika, Msimseme Bi Harusi



Kuna maneno tunayasikia sana baada ya harusi: "Tangu aingie huyu, hata paka hakai." Paka aliyekuwa akilala miguuni kwa mama mkwe sasa anajificha uvunguni, anakojolea godoro jipya, akiguswa anakwaruza. Hapo minong'ono inaanza: bi harusi ana jambo, au nyumba imeingia jini. Sisi tunasema hapana. Paka si mpiga ramli.

Tuangalie kwanza nyumba yenyewe. Paka huijua nyumba yake kwa harufu. Husugua mashavu milangoni na kwenye miguu ya viti ili aache harufu yake, na hiyo ndiyo inayomtuliza. Wiki ya harusi tunaifuta yote: kuta zinapakwa rangi, kitanda na kabati mpya vinaingia, chetezo cha udi kinazunguka kila chumba, wageni wamejaa mpaka barazani. Mnyama kababaika, anatafuta pa kujificha, au anakojoa ovyo ili harufu yake irudi. Mtengeeni pembe ya kimya, mumwekee kitambaa chake cha zamani, ale saa zile zile alizozoea. Na bi harusi ndiye awe anamwekea sahani. Watazoeana.

La pili ni ugonjwa, maana paka huficha maumivu. Dume anayechutama kila mara na mkojo hautoki, analia na kujilamba chini, huenda njia yake imeziba. Huyo hasubiriwi mpaka kesho, kwani anaweza kufa ndani ya siku mbili. Apelekwe kwa daktari wa mifugo. Na jamani, msimpe Panadol! Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Paka mpole akianza kushambulia watu bila sababu, hasa akiwa anadondokwa na mate, kaeni naye mbali. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kisomo ni kheri, lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha pia kutafuta dawa.

Linalotuuma zaidi ni paka kutiwa guniani akaenda kutupwa sokoni. Sote tumesomeshwa chuoni habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Na tumesomeshwa habari za Abu Qatada, aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu anywe, akaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani.

Mama wakwe na mawifi, tunawaomba kwa mapenzi. Suratul Hujurat inatukataza dhana mbaya na kusengenyana. Binti wa watu ameacha kwao, bado hajajua hata sufuria zinawekwa wapi, tayari anabebeshwa mkojo wa paka. Ndoa changa huvunjwa na maneno madogo kama haya. Kabla ya kumtazama yeye, mtazameni paka: anakula? Anakojoa? Nini kimehamishwa?

Allah azitie utulivu nyumba zetu na vyote vilivyomo. Amin.