TAHARIRI: Jeshi Halikupigiwa Kura

Tarehe 25 Februari 2020, katika Ikulu ya Nairobi, aliyekuwa Gavana wa jiji hilo, Mike Sonko, alitia sahihi hati iliyoikabidhi Serikali ya Kitaifa majukumu manne ya kaunti: afya, uchukuzi, ujenzi wa umma, na mipango ya maendeleo. Majuma machache baadaye ikaundwa Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, na juu yake akawekwa Meja Jenerali Mohamed Badi wa Jeshi la Wanahewa, pamoja na maafisa wenzake kadhaa wa kijeshi. Kwa zaidi ya miaka miwili, huduma kuu za mji mkuu wa taifa lisilokuwa vitani zilisimamiwa na wanajeshi. Idara hiyo ilifikia kikomo mwaka 2022. Tunaizungumzia leo kwa sababu mlango ulioiingiza ungali wazi.

Tuwe wakweli kwanza. Wananchi wengi waliipokea NMS kwa furaha, na walikuwa na haki ya kufurahi. Visima vilichimbwa katika mitaa ya mabanda ambako mama alizoea kununua maji kwa mtungi. Barabara zilitiwa lami, na zahanati na hospitali zikajengwa karibu na watu waliosahauliwa miaka mingi. Mtu aliyeona taka zikirundikana mlangoni pake huku viongozi aliowachagua wakigombana hawezi kulaumiwa kwa kumshangilia yeyote aliyekuja kuziondoa. Lawama ya kwanza, basi, ni ya wanasiasa wa kiraia. Walipoufanya ugatuzi kuwa uwanja wa vurugu na kandarasi, waliwatayarishia njia wale wanaosema kwamba raia hawezi kujitawala mpaka asimamiwe na kofia ya kijeshi.

Hata hivyo, swali la demokrasia haliishii kwenye kazi iliyofanywa. Linaendelea kuuliza: aliyeifanya anawajibika kwa nani? Gavana akishindwa, mpiga kura humngoja kwenye sanduku la kura. Waziri wa kaunti akikosea, Bunge la Kaunti lina uwezo wa kumwita, kumhoji na kumwondoa. Mwanajeshi, kwa kiapo chake na kwa mafunzo yake, humtazama aliye juu yake. Amri hushuka, utiifu hupanda. Utaratibu huo ndio uti wa mgongo wa jeshi lolote, na vitani hakuna mwingine unaofaa. Lakini ofisi ya raia inahitaji kinyume chake: maswali yatoke chini, na majibu yashuke kutoka juu.

Wala athari ya idara hiyo haikukomea kwenye maji na barabara. Mwezi Septemba 2020, mkuu wa NMS aliapishwa kiapo cha kutunza siri ili ahudhurie vikao vya Baraza la Mawaziri. Mawaziri wa Kenya huteuliwa na Rais, kisha huhojiwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa kabla ya kuapishwa. Jenerali huyu hakupitia ungo huo. Katika mwezi huohuo, Kiwanda cha Nyama Nchini, KMC, kilihamishiwa Wizara ya Ulinzi. Wakati huo huo Gavana na NMS walikuwa wakivutana hadharani juu ya bajeti ya kaunti, na kabla mwaka haujaisha Gavana aliondolewa mamlakani na Bunge la Kaunti na Seneti. Hatusemi kwamba Gavana huyo hakuwa na makosa. Mashtaka yake yalijadiliwa mahali panapostahili. Tunasema kwamba katika mwaka mmoja idara iliyoongozwa na wanajeshi ilishika huduma za jiji, ikapata sehemu kubwa ya fedha zake, na kiongozi wake akaketi katika meza ya juu kabisa ya siasa za taifa. Hakuna mpiga kura aliyeulizwa.

Katiba ya mwaka 2010 haikunyamaza juu ya mambo haya. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuihamishia nyingine jukumu, lakini kinasisitiza kwamba dhamana ya kikatiba hubaki kwa serikali iliyopewa jukumu hilo tangu mwanzo. Kifungu cha 239 kinaviweka vyombo vyote vya usalama chini ya mamlaka ya raia, na kinavikataza kuegemea upande wowote wa kisiasa. Kifungu cha 241 kinataja kazi za jeshi: kuilinda nchi, kusaidia wakati wa dharura au maafa na kutoa ripoti kwa Bunge la Taifa, na kurejesha amani penye ghasia baada ya Bunge hilo kuidhinisha. Tumekisoma kifungu hicho mara nyingi. Kuendesha jiji hakumo.

Wapo watakaosema tunaogopa kivuli. Ndugu zetu wa kaskazini wanajua kwamba si kivuli. Kuanzia Desemba 1963 hadi 1991, eneo hilo liliishi chini ya sheria za hali ya hatari. Afisa wa utawala na afisa wa usalama walikuwa na mamlaka ambayo raia wa Nyeri au Kakamega hakuyajua. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyowazuia wananchi wa eneo hilo na wilaya jirani kudai fidia mahakamani kwa matendo ya maafisa kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Kisha, Februari 1984, ukaja uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, ambao Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliuandika katika ripoti yake ya mwaka 2013. Nairobi ya 2020 haikuwa Wagalla, na hatuzifananishi. Lakini kanuni ni moja: pale mamlaka ya silaha na mamlaka ya ofisi yanapokutana mkononi mwa mtu mmoja, mwananchi hubaki hana pa kushtakia.

Mataifa mengine yamelipia somo hili kwa muda mrefu zaidi. Huko Indonesia, chini ya Suharto, jeshi lilidai kuwa na kazi mbili, ulinzi na siasa. Kando ya kila ngazi ya utawala wa raia, tangu mkoa hadi kijijini, palikuwa na ngazi ya kamandi ya kijeshi iliyoutazama. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile tuliyoisikia hapa: utulivu na maendeleo. Kufikia mwaka 1987, viti 100 kati ya 500 vya bunge vilikuwa vya wanajeshi wasiochaguliwa. Suharto alianguka Mei 1998, lakini wanajeshi walitoka bungeni mwaka 2004 tu, na kamandi zile za mikoani hazikuvunjwa. Kuliingiza jeshi ofisini ni kazi ya siku moja na sahihi moja. Kulitoa ni kazi ya kizazi.

Wahenga walisema, mazoea yana taabu. Tarehe 25 Juni 2024, vijana walipoingia katika majengo ya Bunge, Serikali ilitangaza kuwatoa wanajeshi siku hiyohiyo, na idhini ya Bunge la Taifa ikafuata kesho yake. Ilibidi Mahakama Kuu iitake Serikali ieleze wanajeshi hao watakuwa wapi na kwa muda gani. Taifa lililozoea kumwona mwanajeshi akisimamia taka na machinjio halishtuki upesi linapomwona barabarani.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, Bunge litunge sheria inayomkataza mwanajeshi aliye kazini kushika ofisi ya utawala wa raia; anayetaka kuongoza raia avue sare kwanza. Pili, uhamisho wowote wa majukumu ya kaunti uanze kwa kuwasikiliza wananchi, uwe na mwisho usioahirishwa, na anayeyashika ajibu maswali mbele ya Bunge la Kaunti. Tatu, tusiwaachie wanasiasa kazi ya kuzilinda kaunti zetu. Vikundi vya haki na amani parokiani, vyama vya akina mama, vijana wa mitaani: hudhurieni vikao vya bajeti, ulizeni kila shilingi imekwenda wapi, wakataeni wezi kwenye kura. Kaunti isiyooza haitampa mtu yeyote kisingizio cha kumwita jenerali.

Tunaliheshimu jeshi letu. Limezika vijana wake Somalia, nalo linastahili shukrani ya taifa. Heshima hiyo itadumu iwapo tutaliacha mpakani na kambini, mahali ambapo kazi yake inajulikana na kila mtu. Ofisi za raia ni zetu. Tukizisafisha wenyewe, hakuna atakayetusafishia kwa amri.