Wingi wa Jeshi Si Ushindi
Mchezo wa kompyuta Civilization V wa mwaka 2010 ulivunja mazoea ya Civilization IV wa 2005: miraba ya ramani ikawa maumbo ya pembe sita, na kurundika majeshi mahali pamoja kukakatazwa. Sasa mto na kilima huamua vita, na anayewapanga vizuri wapiga mishale wake humshinda mwenye wingi. Hilo nalisifu kwa moyo wote. Ila mpinzani anayeendeshwa na kompyuta hulemewa na mpango huo. Vikosi vyake huzibiana njia. Nao mchezo wa zamani una hazina isiyorithiwa: ulifunguliwa kwa “Baba Yetu” wa Christopher Tin, wimbo wa Kiswahili ulioshinda Grammy mwaka 2011. Mpya hunoa akili. Wa zamani ulitutambua.