Deiwaka Naye Ni Mfanyakazi

Apitaye Gerezani, hatua chache kutoka soko la Kariakoo, huyaona mageti na madirisha ya grili yakiungwa kando ya barabara. Huwaona pia vijana wakichomelea kwa miwani ya jua ya kununua kwa machinga, na wengine kwa kufumba jicho moja tu. Usiku macho yao huwasha kama yamejaa mchanga. Mwanga ule huunguza ngozi laini ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, kazi ikiwa imekwisha na tajiri kalala. Kijana huambiwa adondoshee maziwa. Maziwa si dawa, na hospitali ya Amana haiko mbali.

Hayo ndiyo madogo. Diski ya grenda hupasuka ikachana uso, na pipa lililokuwa na petroli hulipuka likikatwa. Moshi nao hauna kelele, lakini mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kinachonikera zaidi ni kinachofuata baada ya ajali. Tajiri huleta machungwa, hutoa nauli ya bodaboda, husema, "Pole mdogo wangu, ukipona njoo." Karakana nzima humsifu kuwa ana utu. Utu ni mwema, ndugu zangu, lakini machungwa hayalipi kodi ya chumba cha mtu aliyepoteza jicho. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 haikumtaka tajiri awe na huruma. Ilimtaka ajisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na kuuchangia.

Mfuko huo ulianza kukusanya michango Julai 2015. Leo mwajiri huchangia senti hamsini kwa kila shilingi mia ya mishahara, wala haruhusiwi kumkata fundi wake. Kwa kijana alipwaye 300,000 kwa mwezi, hiyo ni 1,500, fedha isiyotosha sahani ya wali nyama kwa mama ntilie. Kwa fedha hiyo Mfuko hubeba matibabu, hulipa sehemu ya kipato siku za kuuguza jeraha, na ulemavu wa kudumu ukizidi asilimia 30 hulipa pensheni ya kila mwezi. Majeruhi hadaiwi kuthibitisha kwamba tajiri alizembea. Kubwa ni kuonyesha kwamba aliumia kazini, kwa sababu ya kazi.

"Lakini mimi ni deiwaka, sina mkataba." Jibu hili nalisikia kila mara, na matajiri hulipenda. Mkataba wa maneno ni mkataba, na hata mwanagenzi anayejifunza ufundi amo katika Sheria ya Fidia. Tena kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 humhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa mwingine ndiye anayempangia saa, au anampa vifaa, au yeye amemfanyia mwingine huyo kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45! Fundi wa Gerezani huzimaliza kabla ya wiki kuisha. (Aliyejiajiri mwenyewe, mwenye mashine yake na wateja wake, hayumo, na hilo ni pengo ambalo wabunge wetu wanapaswa kuulizwa.)

Basi ewe fundi, ukiumia, mwarifu tajiri siku hiyohiyo mbele ya shahidi, maana yeye ana siku saba za kutoa taarifa kwa Mfuko. Hospitalini sema wazi kwamba umeumia kazini, iandikwe, na cheti ukitunze. Tajiri akikaa kimya, usikae naye kimya: nenda mwenyewe kwenye Mfuko, kwa kuwa haki ya kudai hufungwa miezi 12 ikipita.