Mla Jana Kala Nini?

Kumezuka aina ya makala za safari ambazo zote ni nakala ya moja. Marafiki wanne au watano waliochoshwa na mji hukodi nyumba ya mawe katika vijiji vya Alpujarra, kusini mwa Uhispania, kwa siku tatu. Siku ya kwanza huandikwa habari za mkate na mafuta ya zeituni. Ya pili, za sahani ya viazi, mayai ya kukaanga na soseji za damu. Ya tatu, za paja la nguruwe lililokaushwa kwa hewa baridi ya milimani. Kisha hufuata maneno yasiyokosekana: kwamba hapa wakati umesimama, kwamba wenyeji wanakula walivyokula mababu, na kwamba mezani hakuna siasa. Mawili ya mwanzo si kweli. La tatu ni tusi.

Kusafiri kwa ajili ya kula si aibu. Binadamu amefunga safari kwa sababu mbovu zaidi, na anayekaa na wenziwe kwenye meza moja hadi jua lizame hana la kuombea radhi. Kinachopingwa hapa ni ulimi unaoonja bila ya kuuliza, kisha ukajipa cheo cha mwanahistoria.

Mababu wa nani? Mji wa Granada uliposalimu amri mwaka 1492, milima ya Alpujarra ndiyo iliyobaki kuwa kimbilio la Waislamu. Walilazimishwa kubatizwa, wakaitwa Wamorisko. Mwaka 1567 Mfalme Felipe wa Pili aliwapiga marufuku kusema na kuandika Kiarabu, kuvaa mavazi yao na kutumia hamamu zao. Ilipofika Krismasi ya 1568 milima ikaasi. Uasi ulipozimwa, waliosalia walitolewa majumbani mwao wakatawanywa Castilla, na mahali pao wakaletwa walowezi kutoka kaskazini. Kati ya 1609 na 1614 ikatekelezwa amri ya kuwafukuza nchini kabisa, watu wapatao laki tatu, wengi wao wakaangukia pwani za Maghribi. Basi anayekula leo Capileira au Trevélez hali walichokula watu wale waliolima matuta yale na kuyaongoza maji kwa mifereji ile, ambayo hadi leo yaitwa kwa jina la Kiarabu, *acequia*. Anakula hasa kile walichokikataa hadi wakashitakiwa.

Ndiyo, walishitakiwa. Kumbukumbu za mahakama ya kanisa iliyochunguza imani za watu zimejaa mashitaka ya jikoni. Huyu hali nguruwe. Yule hanywi mvinyo. Mwengine hupikia mafuta ya zeituni badala ya shahamu. Mwengine ameonekana amekaa chini akila kuskusi. Harufu ya chungu ilitosha kumfikisha mtu mbele ya kadhi wa dini ya watu wengine. Katika nchi ya namna hiyo, kula nguruwe hadharani kulikuwa ni kutoa ushahidi wa kujinusuru. Na leo Trevélez, kijiji kilicho juu kabisa ya bonde lake, kinajulikana ulimwenguni kwa jambo moja tu, mapaja ya nguruwe, na mgeni huambiwa kuwa hiyo ndiyo asili ya mahali. Si kosa la mchinjaji wa leo, ambaye anatafuta riziki yake. Ni kosa la mwandishi, ambaye kazi yake ni kujua.

Lugha ya Kihispania yenyewe haikusahau. Msomaji wa pwani akiingia katika soko la Granada atakutana na jamaa zake: *azúcar* ni sukari, *azafrán* ni zafarani, *limón* ni limau, *berenjena* ni bilingani. Hata *albóndiga*, kitonge cha nyama ya kusaga, imetoka katika *bunduq*, lile lile neno la Kiarabu lililotupa bunduki; mmoja akachukua umbo la kitonge, mwengine akachukua risasi. Majina hayakuhitaji pasi ya kusafiria. Wenye majina ndio waliotolewa.

Wapenzi wa ushairi hawana udhuru wa kutojua. Wanaifahamu marthiya ya al-Rundi, aliyeililia Andalusi katika karne ya 13 pale miji yake ilipoanguka mmoja baada ya mwengine. Wachache wanaofahamu kwamba katika karne hiyo hiyo Ibn Razin al-Tujibi, mzaliwa wa Murcia, aliyeuacha mji wake na kufia Tunis, aliandika kitabu kikubwa cha mapishi ya Andalusi. Kwa nini mtu aliyepoteza mji akae kuhesabu viungo vya supu? Yumkini kwa sababu ile ile iliyomfanya mwenzake ahesabu vina. Kitabu kile nacho ni marthiya, ila kimepangwa kwa sura za mikate, nyama na samaki.

Itajibiwa kwamba hayo yamepita miaka mia nne, na kwamba mla ni mla leo, mla jana kala nini. Vema, na atazamwe mla leo. Kusini ya milima hiyo, katika uwanda wa Almería, ardhi imefunikwa kwa plastiki, zaidi ya hekta elfu 30 za mabanda ya mboga. Nyanya ya saladi ya mwezi wa Januari yumkini imechumwa huko, na mikono iliyoichuma yumkini ni ya Mmoroko au Msenegali. Mwezi wa Februari 2000, katika mji wa El Ejido, wafanyakazi wa Kimoroko waliwindwa mitaani kwa siku kadhaa, makazi na maduka yao yakachomwa moto. Mwandishi wa siku tatu hukipita kiwanda hiki akielekea mlimani, akafunga kioo cha gari kwa sababu ya joto.

Wala wasijione salama wale wa pwani wanaoililia Andalusi kila wakipata kipaza sauti. Mgeni anayetembezwa mashamba ya viungo ya Kizimbani hupewa karafuu anuse, akavishwa kofia ya makuti, akapigwa picha. Kwamba mikarafuu ya karne ya 19 ilipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa, na kwamba utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi 1897, ni habari ambayo mara nyingi haimo katika bei ya ziara. Wapishi wetu nao wameirithi ladha bila ya hesabu yake.

Mwaka 2015 Uhispania ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa Mayahudi waliofukuzwa mwaka 1492, na mlango wa maombi ukawa wazi hadi 2019. Wazao wa Wamorisko, waliomo Rabat, Tetuan na Tunisia, hawakutajwa. Kuskusi, hata hivyo, imesharejea. Imo katika orodha za mikahawa ya Granada, na hakuna anayemshitaki mtu kwa kuila.